Korea Kusini: wanamfundisha fundi miaka mitano kasoro miezi miwili, halafu wanampakia ndege

Tuanze na hesabu maana kisa kizima kimekaa hapo. Mtu akiingia Korea Kusini kwa viza inaitwa E-9, hii ya kazi za viwandani, mashambani, uvuvi na ujenzi, anapewa miaka 3. Bosi akiridhika naye anaongezewa mwaka 1 na miezi 10. Jumla miaka 4 na miezi 10, baada ya hapo begi, airport, kwaheri. Sasa kwa nini isiwe 5 kamili? Wala sio siri, sheria ya uraia ya kule ilikuwa inamruhusu mgeni aliyekaa miaka 5 mfululizo kuomba uraia, kwa hiyo walioirekebisha sheria ya kazi 2009 wakabana miezi miwili ili mtu asifike hapo. Yaani watu wazima walikaa kwenye ofisi zenye kiyoyozi wakapiga hesabu ya namna ya kumtumia mtu karibu miaka 5 bila huyo mtu kuota mizizi.

Na ilifanya kazi vizuri tu. Shida ikaja baadae, viwanda vikaanza kulia kwamba wanaopakiwa ndege ndo hao hao wanaojua kazi.

Naileta hii kwa sababu huku kwetu tukiongelea ajira za nje tunaongelea namna ya kwenda tu, nauli shilingi ngapi, wakala nani, viza inatoka lini. Hakuna anayeuliza ile nchi inataka ukae au inataka uondoke, wakati hilo ndo linaamua utaishi vipi kule, utaoa lini, watoto utawaona lini. Korea ni mfano mzuri maana wamejaribu vyote viwili, kufukuza na kubakiza, na mara nyingine vyote kwa mpigo.

Kazi zenyewe ni zipi. Kuna kundi la viwanda Wakorea wanaviita viwanda vya mzizi: kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu, kuchomelea, kuchovya vyuma kwenye dawa visishike kutu, kuchoma chuma kiwe kigumu. Hizo karakana nyingi ni ndogo, watu 10, watu 20, ziko miji kama Ansan na Hwaseong na Gimhae, na ndo zinazotoa vipuri vinavyoishia kwenye magari na meli na simu tunazozijua. Vijana wa Kikorea hawazitaki. Ni chafu, ni hatari, na vijana wenyewe wanapungua, 2023 kiwango cha uzazi kule kilishuka mpaka 0.72 kwa mwanamke mmoja, yaani hata mtoto mmoja kwa wastani hafiki.

Sasa fikiria jamaa katoka Nepal kaingia kwenye karakana ya kumimina chuma. Mwaka wa kwanza anabeba, anafagia, anaungua ungua mikono, lugha hajui, fundi mkuu anamwelekeza kwa vidole na kwa kelele. Mwaka wa pili anashika mashine moja. Wa tatu anaachiwa mbili tatu. Mwaka wa nne ndo unakuta anasikia mashine imebadilika mlio kabla haijakorofisha, anaangalia rangi ya chuma kilichoyeyuka anajua bado au tayari, na mgeni mpya akija kutoka kwao yeye ndo anamfundisha kwa lugha yao kwa wiki mbili vitu ambavyo bosi angevifundisha kwa miezi sita. Basi hapo hapo muda wake unaisha. Bosi anaanza upya na mwingine ambaye hajui hata neno la "hatari".

Kuelewa walifikaje hapo inabidi kurudi nyuma kidogo. Kuanzia 1993 Korea ilikuwa inaingiza watu kwenye viwanda vidogo kama wanagenzi, eti wanakuja kujifunza. Wanafanya kazi saa zote kama wengine ila kwa kuwa ni wanafunzi basi haki za mfanyakazi hawana, mshahara ni posho, pasipoti iko kabatini kwa bosi. Kilichofuata ni cha kawaida, watu walikimbia. Mtu akitoroka akaenda kufanya kazi bila karatasi mtaa wa pili alikuwa analipwa zaidi ya aliyebaki kihalali, sasa nani angebaki? Januari 1995 wanagenzi wa Nepal walijifunga minyororo wakakaa pale kanisa kuu la Myeongdong katikati ya Seoul kudai walipwe na wasipigwe, nchi nzima ikaona aibu. Mpaka kufika 2002 wageni wengi waliokuwa kazini Korea hawakuwa na kibali. Ndo maana 2003 wakapitisha sheria mpya, na Agosti 2004 mfumo wa E-9 ukaanza, serikali kwa serikali, bila dalali katikati, na mgeni akapewa kima cha chini cha mshahara sawa na Mkorea. Tuwape haki yao, kwa Asia ile ilikuwa hatua kubwa, na gharama za mtu kwenda zilishuka sana.

Ila msingi haukubadilika: uje, ufanye, uondoke. Familia huji nayo. Kiwanda huhami hovyo, ndani ya miaka 3 ya kwanza mwisho mara 3, tena lazima bosi akuachie au uthibitishe kampuni imefungwa, hujalipwa, umepigwa, vitu kama hivyo. Na ukishaachiwa una miezi 3 ya kupata kazi nyingine la sivyo kibali kinakufa.

Jaribio la kwanza la kubakiza wazoefu ni la Julai 2012. Walisema hivi, mfanyakazi mwaminifu akimaliza miaka 4 na miezi 10 yake anaweza kwenda kwao miezi 3 tu halafu akarudi kwa bosi yule yule kwa miaka mingine 4 na miezi 10. Jumla miaka 9 na miezi 8. Ukiisoma haraka unaona safi. Ila sharti lake kubwa lilikuwa usiwe umehama kiwanda hata mara moja, labda kwa sababu ambayo sio kosa lako, na anayekuombea ni bosi, sio wewe.

Hapa nataka tukae kidogo maana ndo roho ya kisa. Wewe uko mwaka wa tatu, bosi anaanza kukupunja ovataimu. Au msimamizi ana mkono mwepesi. Au unalala kwenye kontena. Kisheria una njia ya kulalamika ukahamishwa. Lakini ukihama, ule mlango wa kurudi unaweza kufungwa, na unajua nyumbani kuna nyumba haijaezekwa na mdogo wako yuko chuo. Unafanya hesabu unanyamaza. Mwaka wa nne unanyamaza zaidi maana sasa ndo bosi anakaribia kuamua kama atakuombea au la. Kwa hiyo sera iliyoitwa ya kumtunza mzoefu ilichofanya ni kumfundisha mzoefu kuvumilia. Waliorudi hawakuwa lazima mafundi bora, walikuwa wale ambao hawakugombana na mtu, au waliobahatika kupata bosi mzuri, na mabosi wazuri wapo, tusiwachafue wote.

Serikali ilitaka ujuzi ubaki kwenye fani, ila kamba ikaifunga kwa bosi. Fundi wa kuchomelea akitoka kiwanda A kwenda kiwanda B mtaa wa pili ujuzi haujatoka Korea, haujatoka hata kwenye sekta, lakini kwenye karatasi alihesabika kama amepoteza uaminifu. Hili walikuja kulirekebisha Oktoba 2021, ile miezi 3 ya kukaa nyumbani ikawa mwezi 1 na aliyehama ndani ya sekta moja akapata nafasi pia kwa masharti. Miaka 9 baadae.

Halafu kuna kiinua mgongo. Hii wengi hawaijui. Kuanzia mwisho wa Julai 2014 kiinua mgongo cha mfanyakazi wa E-9, ambacho Mkorea anakipata akiacha kazi tu, mgeni anakipata akishaondoka nchini, ndani ya siku 14 baada ya kutoka. Lengo ni kuhakikisha unapanda ndege. Kesi ilifika mpaka Mahakama ya Katiba na 2016 mahakama ikasema ni sawa tu. Angalia sasa, mkono wa kulia unasema tunawataka wazoefu warudi, mkono wa kushoto umeshika hela zako unakwambia toka kwanza. Tena fundi aliyehama kiwanda na kubaki hapo hapo Korea hela ya jasho lake la kiwanda cha kwanza inamsubiri miaka.

Kisha ikaja korona. 2020 nafasi za E-9 zilikuwa 56,000 na walioweza kuingia hawakufika hata robo. Kwa hiyo ghafla hakuna mpya wa kumbadilisha wa zamani. Aprili 2021 serikali ikafanya kile ilichokuwa inakataa miaka yote, ikawaongezea mwaka mzima waliokuwa wanamaliza muda. Ile miaka 5 iliyokuwa inaogopwa ikavukwa na maelfu ya watu na nchi haikuanguka. Ilikuwa ni dharura tu kwao lakini kwa anayechambua sera naona ndo ushahidi mkubwa kuliko ripoti yoyote.

Kipindi hicho hicho, Desemba 2020, mfanyakazi wa shamba kutoka Cambodia alikutwa amekufa kwenye malazi yaliyokuwa ndani ya banda la plastiki huko Pocheon, usiku wa baridi kali sana chini ya sifuri. Alikuwa amekaribia kumaliza muda wake, karibu kurudi kwao. Uchunguzi ulitaja ugonjwa wa ini, ila 2022 kifo kikatambuliwa rasmi kuwa kimetokana na kazi. Kuanzia Januari 2021 wizara ya kazi ikasema mwajiri anayelaza watu ndani ya mabanda ya plastiki hapati vibali vipya. Naitaja hapa kwa sababu ukiwauliza mabosi wa mashamba kwa nini watu wanataka kuhama watakwambia tamaa ya mshahara wa kiwandani, na ni kweli kwa sehemu, ila mtu anayelala kwenye banda la nyanya wakati nje maji yanaganda hahitaji tamaa ili ahame.

Meli nazo. Korea ni kati ya wajenzi wakubwa wa meli duniani, Geoje na Ulsan huko. 2014 sekta ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya laki 2, ikaja mdororo kuanzia 2015, wakapunguzwa, mishahara ya wakandarasi wadogo ikakatwa, mpaka mwisho wa 2021 wamebaki chini ya laki moja. Oda za meli ziliporudi wachomeleaji hawakurudi. Walikuwa Pyeongtaek kwenye ujenzi wa viwanda vya chipu, kazi salama zaidi hela nzuri zaidi. 2022 wafanyakazi wa wakandarasi pale yadi ya meli ya Okpo, Geoje, waligoma siku 51 wakidai warudishiwe walichokatwa, mmoja akajichomelea ndani ya kizimba cha chuma cha mita moja. Na jibu la serikali kwenye uhaba lilikuwa nini? Kulegeza viza za wachomeleaji wa kigeni, na 2023 wakatenga nafasi 5,000 za E-9 kwa ajili ya meli peke yake. Sio kwamba ni vibaya kuleta wageni. Ila kama mzoefu mwenye uraia wako amekimbia kwa sababu ya malipo, mzoefu wa kigeni unambakiza kwa viza tu mpaka siku viza inapompa uhuru wa kuondoka.

Sasa tufike kwenye lile ambalo Korea inajisifia, E-7-4. Hii ni viza ya fundi mwenye ujuzi, ilianza 2017 kidogo kidogo, mtu wa E-9 mwenye miaka kadhaa anahama kwenda ngazi hii kwa mfumo wa pointi, anaruhusiwa kuleta mke au mume na watoto, na anaweza kuongeza muda bila ile ndege ya lazima. 2022 nafasi zilikuwa 2,000 kwa mwaka mzima. Elfu mbili, nchi yenye wageni wa E-9 zaidi ya laki 2! Halafu 2023 waziri wa sheria wa wakati huo, Han Dong-hoon, akazipandisha mpaka 35,000, na masharti yakapungua, badala ya miaka 5 ya kazi ikawa 4 ndani ya miaka 10 iliyopita. Hii ya 4 ina maana kubwa maana kabla ya hapo mtu wa awamu moja, yule wa miaka 4 na miezi 10, asingeweza kufika, labda awe ameongezewa ule mwaka wa korona.

Pointi ni 300, unatakiwa upate 200. Vinavyopimwa ni kipato chako, Kikorea chako na umri, halafu kuna nyongeza, kwa mfano kukaa muda mrefu kampuni moja au kuwa na leseni ya udereva, na ukiwa na faini za kuvunja sheria wanakukata. Ukiangalia sharti la kipato: mkataba usiopungua wan (hela ya kule) milioni 26 kwa mwaka, shamba na uvuvi milioni 25. Kima cha chini cha 2024 kilikuwa wan 9,860 kwa saa, wao wanahesabu saa 209 kwa mwezi, piga mara 12 unapata kama milioni 24.7. Maana yake mwaka ule aliyelipwa kima cha chini kavu alikuwa hafiki, lazima awe na ovataimu au bosi ampandishe kidogo. Upande mmoja nawaelewa, hawataki viza ya ujuzi iwe ya kulipana kiduchu. Ila upande wa pili, ovataimu nayo inakula jumapili, na jumapili ndo siku ambayo madarasa ya Kikorea yapo. Mtu anachagua hela ya pointi au lugha ya pointi.

Na bado karatasi ya mwisho inataka barua ya bosi. Huwezi kuomba kivyako, lazima kampuni ikupendekeze na kampuni haiwezi kuwapendekeza wote, kuna asilimia ya wageni kwa kila Wakorea iliowaajiri. Kwenye karakana ya watu 8 yenye mafundi watatu wa kigeni wote wazuri, nani anapata? Bosi ndo mtihani.

Nisiwaonee mabosi hawa wadogo. Ukimsikiliza mwenye karakana ana kilio chake, amesubiri kibali, amegharamia malazi, mtu kafika hana miezi mitatu anataka aachiwe aende kwa binamu yake karibu na Seoul. Kweli inauma. Serikali ikawasikia, na kuanzia vuli ya 2023 wanaoingia wapya kwa E-9 wakiruhusiwa kuhama wanahama ndani ya ukanda wao tu, nchi imegawanywa kanda tano. Mwaka ule ule wa 35,000! Mwaka mmoja unamwambia fundi baki tunakuthamini, na unamwongezea uzio. Wizara ya sheria inashika viza za E-7-4, wizara ya kazi inashika E-9, ukiwatazama kwa mbali unadhani hawajawahi kunywa chai pamoja.

Sisi wa huku kafala, ule mfumo wa kibali chako kushikwa na bosi, tunaijua vizuri, ndugu zetu wako Saudia na Oman na Qatar, kwa hiyo tusije tukaiona Korea kama pepo au kama jehanamu. Qatar 2020 waliondoa ile lazima ya ruhusa ya bosi ili uhame, Saudia wakafuata 2021 ila dada zetu wa kazi za ndani waliachwa nje. Tofauti ya Korea ni kwamba kule angalau kuna ngazi, hata kama imesimama wima. Ghuba ngazi yenyewe haipo kwa mtu wa mikono, unaweza kukaa Muscat miaka 20 ukawa fundi anayeheshimika na bado uko pale pale kwenye kibali cha kuhuisha.

Na kwa anayesoma hii huku anahesabu nauli: nchi zinazopeleka watu kwa E-9 ni 17, zote za Asia, Tajikistan ndo ya mwisho kuongezwa. Hakuna hata moja ya Afrika. Kwa hiyo wale wanaopita kwenye magrupu ya WhatsApp wanauza "nafasi za viwandani Korea E-9" kwa Mkenya au Mtanzania, hela yako kaa nayo.

Nikirudi kwenye namba. Nafasi za E-9 zilizotangazwa 2023 ni 120,000, 2024 ni 165,000, 2025 ni 130,000. Hazikujaa zote lakini hata ukikata nusu bado ni watu wengi, na wa 2023 muda wao unaanza kuisha mwishoni mwa 2027. Ngazi ya kupandia miaka hiyo ilikuwa ile ya 35,000 kwa mwaka, nayo wanagombania na wale wa zamani waliorudi mara ya pili na mabaharia wa viza yao nyingine. Wanaobaki nje ya hiyo hesabu wana njia mbili, mwezi mmoja nyumbani kisha kurudi kama bosi akitaka, au kubaki bila karatasi, na mwisho wa 2023 Korea ilikuwa tayari na zaidi ya laki 4 wasio na karatasi, wengi wao walioingia kama watalii. Kama ningekuwa na sauti pale wizarani ningeanza na hiyo barua ya bosi, mtu mwenye miaka 4, kodi kalipa, Kikorea kafaulu, aombe mwenyewe na pointi zake azibebe kwenye kiwanda chochote cha fani yake. Kiwanda kinachomtaka kimpe sababu ya kubaki.